Tundu Nililoliziba kwa Dawa ya Meno

Katika kurasa hizi wenzangu wameandika habari za safari, za mpira na za sikukuu. Mimi leo naandika habari ya pazia. Najua wako watakaocheka, maana pazia ni jambo la nyumbani, na sisi hapa bwenini hatuna pazia hata moja ila shuka zilizofungwa kwa kamba. Cheka kwanza, msomaji, kisha unisikilize. Kwa ajili ya pazia moja nilimtia mtu taabuni, tena mtu aliyenitendea mema, nami nikakaa kimya huku najua.

Kwetu ni Bujumbura, katika nchi ya Burundi. Wazee wengine wa kwetu bado huuita mji huo Usumbura, jina lake la kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Mwisho wa mwaka 2018 mji wa Gitega ulitangazwa kuwa makao makuu ya siasa, lakini biashara kubwa ya nchi ilibaki kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika. Mimi husoma hapa Kigoma kwa sababu baba yangu mdogo anakaa huku, na kila likizo hurudi nyumbani kwa basi. Tukitoka Kigoma tunapanda mpaka Manyovu, tunavuka mpaka na kuingia Mugina, kisha tunateremka hadi Nyanza-Lac. Toka hapo ziwa linakuwa mkono wa kushoto, twapita Rumonge, mpaka jioni tunaingia mjini.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni fundi katika mtaa wa Buyenzi. Mtaa huo unajulikana kwa mambo mawili: kwa mafundi na kwa Kiswahili. Barabara zake huitwa kwa namba, na katika kila barabara utasikia nyundo zikilia tangu asubuhi. Kiswahili chetu kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa, hata pazia twaliita rido na skrubu twaziita visi; lakini hapa nitaandika kama walimu walivyotufundisha. Mjomba alianza kwa useremala. Siku hizi hutengeneza milango, hutia vioo, na hutundika mapazia katika nyumba za watu.

Mwaka 2023, nilipokuwa kidato cha pili, nilirudi nyumbani likizo ya Juni. Mjomba akaniambia, "Usikae bure, mpwa wangu. Njoo unishikie ngazi, nitakupa nauli ya kurudi shuleni." Nikafurahi. Kwa mjomba nilimkuta kijana anayejifunza kazi, aliyenizidi kama miaka mitatu. Yeye alitoka Gatumba. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika, maji yakaingia Gatumba, na watu maelfu wakakimbia nyumba zao. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa miongoni mwa zile zilizoanguka. Akaacha shule, akaja Buyenzi kutafuta kazi, na mjomba akampokea. Alilala katika chumba cha kuwekea mbao. Mapatano yao yalikuwa kwamba akitumika miaka mitatu bila kosa kubwa, mjomba atampa sanduku la vyombo vyake mwenyewe: nyundo, randa, misumeno, bisibisi, pimamaji na keekee ya umeme. Mtu mwenye sanduku kama hilo ni fundi, na asiye nalo ni kibarua. Yeye alikuwa amebakiza miezi tisa.

Huyo kijana alinifundisha mengi. Alinionyesha jinsi ya kushika pimamaji, na jinsi ya kupima mara mbili kabla ya kukata mara moja. Wala hakunicheka kwa ajili ya mikono yangu laini ya kushika kalamu. Nami, nawaambia kweli, moyoni nilijiona bora kuliko yeye, maana nilikuwa wa kwanza katika Fizikia darasani, na yeye aliacha shule.

Siku moja tuliitwa Kinindo, upande wa kusini wa mji, nyumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule za msingi na sasa amestaafu. Mwanawe aliye ng'ambo alikuwa amemjengea nyumba mpya, tena ametia madirisha ya plastiki. Kwetu jambo hilo bado si la kawaida. Nyumba nyingi za Bujumbura zina madirisha ya chuma au ya mbao, na siku hizi aluminiamu. Lakini plastiki ngumu iitwayo PVC imeanza kuingia. Dirisha la namna hiyo lilianza kutengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1950. Haliozi, haliliwi na mchwa, halitaki rangi, na unyevu wa ziwa hauliozeshi kwa kutu.

Bibi alikuwa amepasuliwa jicho majuma machache kabla, na mwanga mkali ulimwumiza. Dirisha la sebule lilielekea magharibi, upande wa ziwa. Mtu aliyekaa Bujumbura anajua maana yake. Tangu saa tisa alasiri jua hushuka juu ya milima ya Kongo iliyo ng'ambo, nuru hupiga maji, na maji huirudisha ndani ya nyumba kama kioo. Bibi alikaa hapo amejifunika kitambaa usoni. Akasema, "Wanangu, mkinitundikia mapazia leo, nitawaombea dua."

Mjomba akatazama madirisha, kisha akatuambia maneno haya, na kila neno nalikumbuka: "Hapa hatutoboi plastiki. Tunatoboa ukuta, juu ya dirisha. Mtu asiguse fremu." Baada ya hayo akaondoka kwenda sokoni kununua vishikio, maana vilikuwa vimepungua. Yule kijana akaingia chumbani na keekee kubwa, ile inayotoboa huku ikipiga kama nyundo. Mimi nikaachwa sebuleni na keekee ndogo. Kijana akaniambia, "Wewe pima tu na utie alama kwa kalamu. Mimi nitakuja kutoboa."

Nikapima, nikatia alama. Kisha nikaanza kuwaza: je, mimi ni wa kutia alama tu? Bibi alikuwa ananitazama kwa jicho lake moja. Nikapanda ngazi, nikaweka keekee ndogo ukutani. Lipu ilikubali upesi, vumbi likamwagika, nikatabasamu. Lakini nyuma ya lipu palikuwa na linta ya zege. Keekee ikapiga kelele, ikatoa moshi, na biti ikageuka rangi kwa joto. Tundu halikuongezeka hata kwa upana wa ukucha. Bibi akauliza, "Vipi, mwanangu, ukuta umekushinda?"

Swali hilo liliniumiza. Nikatazama chini kidogo ya alama zangu, nikaona fremu ya plastiki, nyeupe na laini. Nikajisemea, "Mjomba ni mtu wa zamani, aogopa vitu vipya." Nikabadili biti, nikaweka keekee kwenye pembe ya juu ya fremu, nikasukuma kwa nguvu zile zile nilizozitumia katika zege. Ikapenya ghafula, nusura nianguke. Nilipoitoa nikaona ajabu: katika tundu lile ulikuwa unaingia mwanga wa jua. Nilikuwa nimetoboa fremu yote, ndani hata nje.

Sasa hapa ndipo wenzangu wa bwenini mtakaponielewa. Sote twajua ule ujanja wa siku ya ukaguzi. Ukuta ukiwa na matundu ya misumari, mtu huchukua dawa ya meno nyeupe, huijaza katika tundu, hulainisha kwa kidole, na mwalimu wa zamu hupita asione kitu. Nikamwomba bibi ruhusa ya kunawa mikono. Nikaingia msalani kwake, nikakamua dawa yake ya meno kiganjani, nikarudi na kuziba tundu upande wa ndani. Kisha nikatoka nje kana kwamba naokota kitu, nikaegemeza ngazi, nikaziba upande wa nje. Plastiki nyeupe, dawa nyeupe: huwezi kuona tofauti.

Punde kijana akaja na keekee kubwa. Akaona nilivyoutesa ukuta, akacheka kwa wema, akasema, "Zege haitaki haraka, ndugu yangu." Akatoboa matundu ya vishikio vyote juu ya dirisha, akatia vigingi vya plastiki, akakaza skrubu, akapima kwa pimamaji, na bomba la pazia likakaa sawa kabisa. Kazi ya dirisha lile ikawa ni kazi yake. Pazia likashuka, zito, la rangi ya udongo, likafunika ukuta, fremu, na tundu langu. Chumba kikapoa. Bibi akaondoa kitambaa usoni, akatushukuru sote kwa pamoja. Mjomba alipokuja akatazama kutoka chini, akasema, "Kazi njema." Nikapewa nauli yangu, nikarudi Kigoma.

Juni kwetu ni mwanzo wa kiangazi. Hakuna mvua mpaka mwezi wa tisa au wa kumi. Nami kwa miezi yote hiyo sikulikumbuka tundu lile ila mara mbili tatu usiku, tena kwa kucheka.

Nikarudi likizo ya Desemba. Mvua ilikuwa kubwa mwaka ule. Nikaenda Buyenzi kumwamkia mjomba, nikauliza, "Yule kijana yuko wapi?" Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimemfukuza." Akanieleza. Mvua za ziwani huja na upepo, na nyumba ile haikuwa na upenu mpana. Maji yalikuwa yameingia katika tundu lililo juu ya fremu. Hayakumwagika ovyo, la. Yalifuata kitambaa cha pazia kidogo kidogo, kama mafuta yafuatavyo utambi, mpaka chini. Na chini ya dirisha bibi alikuwa ameweka meza, na juu ya meza sanduku la picha zake: picha za madarasa yote aliyoyafundisha, mwaka hata mwaka. Alipolifungua sanduku, picha zilikuwa zimeshikana.

"Nikamwuliza yule kijana," mjomba akasema, "nikamwambia, dirisha lile ulilifanya wewe? Akasema, ndiyo. Nikamwambia, basi tundu umelitoboa wewe. Akasema, sikutoboa. Mpwa wangu, kosa la tundu ningalisamehe. Lakini mtu anayeona kosa lake na kusema si langu, huyo siwezi kumpa vyombo."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Nilikula chakula cha mjomba, nikaaga, nikaenda nyumbani. Usiku ule nilijitetea kwa hoja nyingi. Nikasema, labda tundu ni jingine. Nikasema, jambo limekwisha, nikisema sasa nitamwaibisha mjomba bure. Nikasema, nitampa yule kijana fedha nitakapokuwa mkubwa. Kila hoja ilikuwa nzuri, na kila moja ilidumu kama robo saa.

Siku ya tatu mjomba alinichukua twende Kinindo kutengeneza fremu. Tulipoingia sebuleni niliona kamba imefungwa toka ukuta hata ukuta, na picha zimening'inizwa kwa vibanio kama nguo zinazoanikwa. Nyingine zilikuwa nzima. Nyingine zilibaki safu ya miguu na suruali fupi, na juu yake, mahali pa nyuso, doa jeupe. Bibi alikuwa ameishika moja mkononi. Akasema, wala hakusema kwa hasira, "Huyu wa tatu nilikuwa nikimjua kwa meno yake tu. Sasa jina lake silipati."

Mjomba akapanda ngazi. Kumbe siku ile ya kumfukuza kijana hakupanda; alitazama kutoka chini tu. Sasa akachokora tundu kwa bisibisi, akatoa chembe nyeupe, akailowesha kwa ulimi wa kidole, akanusa. Akasema, "Lo! Dawa ya meno." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Yule kijana alipiga meno yake kwa mswaki wa mti. Dawa ya meno hana. Basi ameichukua msalani kwa bibi. Kumbe ni mwizi pia."

Ndugu zangu, nilikuwa nimeweza kuvumilia aitwe mwongo. Kuitwa mwizi sikuweza. Nikasema, "Mjomba, ni mimi." Sauti ilitoka ndogo, akaniambia, "Unasemaje?" Nikarudia. Nikasimulia yote, na keekee ndogo, na swali la bibi, na ngazi ya nje, na siku tatu za kunyamaza. Mjomba akakaa juu ya ngazi, hashuki, hasemi. Nikangoja anipige. Ningalifurahi kama angalinipiga.

Bibi ndiye aliyesema kwanza. Akaniuliza kama mwalimu aulizavyo darasani, "Yule mwenzako anakaa wapi sasa?" Nikajibu sijui. Akamtazama mjomba, "Na wewe, Fundi?" Mjomba akajibu, "Sijui, Mama." Bibi akasema, "Basi nendeni mkamtafute. Dirisha limengoja siku zote hizo, na leo litangoja."

Tulimtafuta siku mbili. Mwisho tulimkuta katika soko la Ruvumera, hapo hapo Buyenzi, amebeba mkungu wa ndizi kichwani, anapakua lori. Mjomba ni mtu wa makamo, mwenye heshima mtaani, na watu walikuwa wengi. Alimwamkia kwanza yeye, kisha akasema kwa sauti, kila mtu akisikia, "Mwanangu, nilikuhukumu bila kupanda ngazi. Nisamehe." Kijana akatua ndizi. Akanitazama mimi, maana alikwisha fahamu.

Akaniuliza, "Ulijua tangu lini?"

Nikasema, "Tangu juzi, nilipofika."

"Juzi ni siku ngapi?"

Nikahesabu. "Siku tano sasa. Tatu nilinyamaza."

Akasema, "Siku tatu," kama mtu anayepima ubao. Hakusema nimekusamehe, wala mimi sikuthubutu kumwomba aseme. Akamaliza kwanza kupakua lori, maana alikuwa amekwisha pokea nusu ya malipo. Jumatatu iliyofuata alirudi kazini.

Kazi ya kwanza aliyofanya ni kunichukua Kinindo, mimi na yeye tu. Akaweka vyombo chini, akaketi, akaniambia, "Leo wewe ndiwe utakayefanya. Mimi nitatazama." Na hapo, kwa maneno machache, akanifundisha habari ya fremu ya plastiki, ambayo napenda niwape wenzangu, maana madirisha haya yanazidi kuja, na si kila mmoja wetu atakuwa karani.

Fremu ya plastiki si ubao. Ndani yake ni tupu, imegawanywa vyumba vidogo vidogo, na kuta zake ni nyembamba, za milimita chache tu. Ndiyo sababu keekee hupenya ghafula. Mara nyingi ndani huwekwa chuma cha kuipa nguvu; biti ikigonga hapo, zinki inayokilinda chuma huchubuka na kutu huanza. Vyumba vingine ni njia za maji: mvua inayoingia kandokando ya kioo huteremka humo, na hutokea nje kwa matundu madogo yaliyo chini ya fremu. Anayetoboa asipopajua huyageuza maji njia yakaingia nyumbani. Tena ubavuni mwa kioo kuna utepe wa plastiki unaokishika. Ukitia skrubu hapo, kioo chaweza kupasuka. Na watengenezaji wengi, wakiona fremu imetobolewa, hukataa kulitengeneza dirisha kwa dhamana yao.

Liko na jambo la joto, na hili, mimi wa kwanza katika Fizikia, ningalipaswa kulijua. Plastiki hii hurefuka kwa joto kama mara sita kuliko chuma. Kipande cha mita 2, jua likiongeza joto lake kwa digrii 20, hurefuka karibu milimita 3. Bomba la chuma likikazwa kwenye fremu, fremu hutaka kwenda na bomba halitaki, na skrubu hulegea siku hata siku. Ongeza uzito wa pazia, na mkono wa mtoto anayelivuta, na siku moja vyote huanguka.

Basi njia iliyo njema ni ukuta. Vishikio viwekwe juu ya dirisha kama sentimita 10 au 15, na bomba lipite upana wa dirisha kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizuie mwanga. Dirisha likifunguka kwa ndani, fungua kwanza, ulione linapita wapi, usije ukaweka bomba mahali litakapogonga. Linta ya zege yataka keekee ya kupiga na biti ya zege. Tumia biti ya kipimo sawa na kigingi. Ondoa vumbi katika tundu, maana kigingi katika vumbi ni kama mguu katika matope. Kisha kaza skrubu kwa mkono mwishoni. Bomba likizidi mita 2, lipe kishikio cha tatu katikati. Ukuta ukikataa, mbao za dari zaweza kushika. Kwa pazia jepesi, liko bomba lenye springi ndani linalojikaza kati ya kuta mbili bila tundu lolote, na viko vishikio vya kuning'iniza juu ya fremu visivyotaka skrubu. Na kama mwenye nyumba amekubali, wala hakuna njia nyingine, basi iwe skrubu fupi sana, ya kushika ukuta wa ndani wa fremu tu, mbali na kioo na mbali na sehemu inayofunguka, kwa pazia la kitambaa chepesi.

Tundu langu tulilitengeneza hivi. Nililisafisha mpaka hakuna chembe ya dawa ya meno, nikalikausha, nikajaza silikoni pande zote mbili, nikaziba kwa vifuniko vidogo vya plastiki nyeupe. Kijana akamwaga kopo la maji kutoka nje, mara tatu, na mimi ndani nikashika karatasi kavu chini ya fremu. Karatasi haikulowa. Akasema, "Sasa weka alama yako." Nikafikiri ananitania. Akanipa kalamu, akanionyesha sehemu ya fremu iliyofichwa na pazia, nikaandika tarehe na jina langu. Akasema, "Kila dirisha ulifanyalo, ukiwa na haya ya kuandika jina lako, ujue hujamaliza."

Nauli zangu za likizo mbili zilizofuata nilizifanyia kazi bila kupewa, na fedha hizo mjomba alimpa bibi. Bibi alizipokea, akanunua bahasha za plastiki za kuhifadhia picha zilizobaki. Picha zilizoharibika hazikurudi. Wanafunzi wake wengine wa zamani waliosikia habari hiyo walileta nakala zao, na hivyo baadhi ya madarasa yamejaa tena. Lakini yule wa meno, jina lake halijapatikana hata leo.

Kijana alipata sanduku lake mwezi wa tatu mwaka 2024, kama walivyopatana; mjomba hakumkata siku zile alizokuwa sokoni. Sasa ana kazi yake mwenyewe. Nikienda likizo huenda kumsalimu, naye hunipokea vizuri, hunipa kiti, hunipa chai. Lakini hajanipa tena keekee nishike peke yangu, nami sijaomba.

Neno langu la mwisho ni kwenu, wenzangu wa bwenini, na kwenu, wanafunzi wa zamani, ambao najua mlitufundisha ujanja ule wa dawa ya meno. Muhula uliopita, siku ya ukaguzi, palikuwa na tundu la msumari juu ya kitanda changu. Wenzangu wakanipa dawa ya meno. Nikakataa. Mwalimu wa zamu alipopita akauliza, "Tundu hili la nani?" Nikasema, "Langu, Mwalimu." Nikapewa kufyeka nyasi nyuma ya jiko siku mbili. Nilizifyeka, jua likiwa kali, na usiku nikalala.